"Tuongezewe magari": majibu kwa dhana za usafiri mkoani Pwani

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Mkoa wa Pwani ulitoka watu takriban milioni 1.1 ukapita milioni 2. Wapo wengi waliojenga Kibaha, Mkuranga na Kisarawe huku kazi zao zikibaki Dar es Salaam, na nyuma yao kuna vijiji ambako gari hutoka alfajiri likarudi jioni, basi. Katika kila kikao cha usafiri ninachokaa na wananchi au madiwani, ombi la kwanza ni lilelile: tuongezewe magari. Nimelisikia mno, acha nilijibu kwa urefu.

"Magari hayatoshi. Yakiongezwa, shida imekwisha."

Abiria anateseka kwa muda anaosubiri kati ya gari moja na linalofuata. Muda huo unatokana na hesabu ndogo: mzunguko mzima wa ruti, gawanya kwa idadi ya magari. Chukua ruti yenye magari sita, kwenda na kurudi pamoja na kukaa stendi ni saa tatu. Gari litapita kila baada ya nusu saa. Nunua mengine matatu, litapita kila dakika 20. Lakini ukiushusha mzunguko uwe saa mbili, unazipata dakika 20 hizohizo kwa magari sita uliyonayo, bila kununua hata tairi.

Saa hiyo moja inaliwa na foleni, ndiyo, na inaliwa pia stendi, gari likijaza huku wapiga debe wakiita. Ukileta magari tisa bila kuligusa hilo, kila moja litachelewa zaidi kujaa, maana abiria ni walewale.

Na yanajaza kwa sababu ya hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo mwenye gari hupelekewa kila siku. Madereva na makondakta wengi wa daladala hawana mshahara. Jioni wanapeleka kiasi walichopatana na mwenye gari, wanaondoa mafuta, kinachobaki ndicho chao. Mtu anayeishi hivyo hataondoka na viti nusu. Mwanafunzi wa nauli pungufu atamwona mzigo. Saa saba mchana hataingia barabara ya vumbi kumfuata mama mmoja aliyetoka zahanati. Atakatisha ruti ageuzie palipo na watu. Kikaoni mnasema ana tamaa. Mimi naona makubaliano yake na tajiri ndiyo yanayomwendesha. Leteni magari mia kwa makubaliano hayohayo, yatakutana yote asubuhi Barabara ya Morogoro, na kijiji kitabaki na lilelile la alfajiri.

Hapo watu hunijibu kwa mwendokasi wa Kimara, mabasi ya haraka ya Dar es Salaam yaliyoanza Mei 2016: mbona una njia yake na bado mabasi yalipungua? Yalipungua kwa sababu yaliharibika, na karakana yake ya Jangwani ilijengwa bonde la Msimbazi, mafuriko yakaifuata hukohuko. Basi lililolala gereji halibebi mtu, hata kama lilinunuliwa jipya. Bajeti ya vipuri na mafundi ipitishwe siku moja na bajeti ya mabasi.

Ninachokitaka ni mwendeshaji alipwe kwa kilomita alizokimbia kwa ratiba, nauli ziingie mfuko mmoja, na mfuko huo ubebe safari za mchana zenye abiria wachache. Mkishakubaliana hivyo, nunueni mabasi. Na vijijini nang'ang'ania ratiba isiyobadilika dakika: gari la saa mbili na robo lipite tena saa nne na robo, kisha saa sita na robo. Mkulima ataikariri bila simu wala bango.

"Barabara ikipanuliwa, foleni itaisha."

Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa kuwa njia nane. Njia ikifunguka, wenye magari madogo huijaza. Anayepanda daladala amebaki na mita nyingi zaidi za kuvuka kwa miguu kufika kituoni. Njia moja ya basi peke yake ingemfaa kuliko mbili za watu wote.

"SGR imekuja, tumepona."

Treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro ni nzuri, ila imejengwa kwa safari ndefu. Soga kuna kituo, lakini kiko nje ya Barabara ya Morogoro. Pasipo gari linalosubiri treni ishushe, aliyeko kijijini hainufaiki nayo kwa safari za kila siku.

"Bodaboda ndizo zinazoua usafiri wa umma."

Hapana. Zinafika ambako hakuna basi litakalofika kiangazi wala masika. Wapeni kijiwe chenye kivuli palepale gari kubwa linaposhushia, na kofia ngumu ya abiria ikaguliwe kama leseni.