Leza na Ngozi Nyeusi: Ulizia Mashine Kabla ya Bei

Mteja anayetaka kuondolewa vipele vya ndevu kwa leza huanza kwa kuuliza bei, kisha huuliza atarudi mara ngapi. Ni wachache mno wanaouliza mashine inayotumika ni ya aina gani, ilhali kwa mwenye ngozi nyeusi jibu la swali hilo ndilo linaloweza kumwepusha na kuungua.

Mwaka 1983 madaktari Rox Anderson na John Parrish wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza kanuni ambayo tiba hii imejengwa juu yake: mwanga wenye urefu maalumu wa wimbi, ukipigwa kwa muda mfupi sana, hupasha joto kile tu kinachoufyonza na kuiacha nyama ya jirani salama. Katika kuondoa nywele, kinacholengwa ni melanini, yaani rangi iliyomo kwenye unywele na shina lake. Tatizo ni kwamba melanini hiyohiyo imejaa pia katika tabaka la juu la ngozi yetu. Leza ya rubi (nanometa 694) na ya aleksandraiti (nanometa 755) hufyonzwa nayo kwa nguvu, hivyo joto huishia juu kabla ya kufika kwenye shina, na matokeo yake ni malengelenge, madoa meusi au mabaka meupe yanayoweza kudumu kwa miezi mingi. Leza ya Nd:YAG, yenye wimbi la nanometa 1,064, hufyonzwa kidogo zaidi na melanini na hupenya ndani zaidi. Kwa sababu hiyo ndiyo tunayoitanguliza kwa ngozi nyeusi, ngozi ikipozwa wakati wote wa matibabu.

Vipele vya ndevu ni mfano mzuri wa pale ambapo leza hufaa kweli. Unywele uliojisokota, ukinyolewa hadi usawa wa ngozi, hubaki na ncha kali ambayo hujipinda na kuchoma ngozi upya, na mwili huupokea kama mwiba: panavimba, pengine panatunga usaha, na kwa baadhi ya watu panaacha makovu au keloidi, yaani makovu manene yanayovimba na kuzidi jeraha lenyewe. Leza hupunguza wingi na unene wa nywele zenyewe. Hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6 hivi, kwa kuwa unywele huathirika vizuri ukiwa katika kipindi cha kukua, na si zote hukua kwa pamoja. Mvi haziitikii, maana hazina rangi ya kufyonza mwanga. Kabla ya kufika kliniki mgonjwa anaweza kunyoa, lakini asing'oe wala asitumie nta, kwani shina likiondoka leza hukosa shabaha. Niongeze kwamba wengi hupata nafuu kubwa kwa kuacha wembe tu na kupunguza ndevu kwa mashine ya kinyozi bila kuigandamiza kwenye ngozi, jambo ambalo halina gharama yoyote.

Madoa ya usoni yatokanayo na jua, ujauzito au mkorogo ni suala jingine. Hapo leza si chaguo la kwanza, na mara nyingi joto lake huzidisha weusi. Krimu ya kukinga jua na dawa za kupaka alizoandika daktari hutangulia. Doa jeusi linalobadilika umbo, hasa kwenye unyayo au chini ya ukucha, lisiguswe kwa leza kabla halijachunguzwa, kwa sababu mwanga unaweza kufuta rangi na kuacha saratani ikiendelea chini yake.

Daktari makini hujaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha, kisha husubiri kwa wiki kadhaa, kwani mabadiliko ya rangi huchelewa kujitokeza. Siku ya matibabu, mgonjwa na mtoa huduma wote huvaa miwani maalumu inayolingana na wimbi la mashine. Malengelenge yakitokea baadaye, yapoze kwa kitambaa safi chenye maji baridi, usiyatumbue, na urudi kliniki siku hiyohiyo.