Chuo cha jimbo lako au cha jimbo jingine? Wazazi wanayoambiana na ukweli wake

Kila Aprili simu huwa nyingi. Majibu ya vyuo yameshafika, tarehe 1 Mei ya kuthibitisha nafasi iko mlangoni, na mtoto wa darasa la 12 kule Minneapolis, Houston au Atlanta, hapa Marekani, ana vyuo viwili mezani. Kimoja ni chuo kikuu cha umma cha jimbo analoishi. Kingine nacho ni cha umma, ila cha jimbo jingine, na ada yake ni mara mbili au tatu. Wazazi waliosoma Tanzania, Kenya au Uganda hawajawahi kukutana na jambo hili, maana kwetu chuo cha serikali hakimtozi raia zaidi kwa sababu ametoka mkoa mwingine. Basi wanaulizana kanisani, msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp, na baadhi ya majibu wanayopeana yamewaingiza watu kwenye madeni watakayoyalipa hadi uzeeni. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Rahisi ghali. Ada ikiwa ndogo, na elimu ni ndogo."

Ada ya mkazi ni ndogo kwa sababu jimbo hutenga fedha za kodi kukichangia chuo. Wewe unayekatwa kodi hapo umeshatanguliza sehemu yako. Aliyetoka jimbo jingine hakutanguliza kitu, kwa hiyo anatozwa bei nyingine, na vyuo vingi hutumia ada ya hao kuziba pengo la bajeti. Mgeni aliyelipa kiingilio cha dola Serengeti haoni simba tofauti na Mtanzania aliyeingia kwa shilingi.

Chukua University of Michigan, pale Ann Arbor. Mwaka wa masomo 2024-25, kijana wa Detroit alianza kwa ada ya takriban dola 18,000. Mwenzake kutoka Ohio, anayekaa naye ukumbi mmoja wa mihadhara, alitozwa zaidi ya dola 60,000. Mwalimu ni yuleyule, mtihani ni uleule, na shahada haiandikwi nani alilipa ngapi. Kwa nchi nzima, wastani wa ada ya vyuo vya umma vya miaka minne mwaka huo ulikuwa dola 11,610 kwa wakazi na dola 30,780 kwa wa nje, kabla ya bweni na chakula.

Tena, mara nyingi mlango wa mkazi ni mpana zaidi. Katika chuo kikuu cha umma cha Chapel Hill, North Carolina, wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza kutoka nje ya jimbo hawatakiwi kuzidi asilimia 18. Familia iliyohamia Charlotte au Raleigh imeshika nafasi ambayo watoto wa majimbo mengine wanaigombania kwa jasho, kisha mtoto anataka kuikimbia kwa kuwa rafiki zake wanaenda mbali.

"Jina la chuo ndilo linaloleta mshahara."

Hapa ukweli una pande mbili, na naomba msomaji asishike upande mmoja tu. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwalinganisha wanafunzi walioomba na kukubaliwa na vyuo vya aina moja, kisha wengine wakaenda vile vinavyochuja sana, yaani vinavyokubali wachache kati ya waombaji, na wengine wakachagua vya kawaida. Kwa walio wengi, kipato cha baadaye hakikutofautiana kwa kiasi cha maana. Akili na bidii ambazo mtoto alikuwa nazo tayari ndizo zilizombeba. Lakini katika ufuatiliaji wao wa baadaye, wanafunzi Weusi, Walatino na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana walionekana kufaidika na vyuo vinavyochuja. Familia zetu nyingi zimo humo. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba jina halina maana kabisa.

Ninachosema ni kwamba utafiti ule ulihusu vyuo vinavyochuja sana. Chuo cha wastani hakiwi cha kuchuja kwa sababu kiko mbali au kwa sababu ada yake ni dola 35,000. Ukiwa mkazi wa Virginia, Washington au Wisconsin, chuo kinachochuja zaidi ambacho mtoto amekubaliwa huenda ndicho hichohicho cha jimbo lako.

Na kuna fani ambazo jina halina uzito mkubwa. Uuguzi, ambao umezilisha kaya nyingi za Waafrika Mashariki hapa, una mtihani mmoja wa leseni, NCLEX, kwa kila mhitimu. Hospitali inauliza kama programu yako imeidhinishwa na kama una leseni. Uhandisi nao unaangalia ithibati ya ABET, chombo kinachokagua programu za uhandisi. Mtoto anayeota udaktari ana sababu ya ziada ya kubaki: vyuo vya udaktari vya umma hupendelea wakazi, kwa hiyo ukazi wa jimbo ni mali ya kutunza.

Iko sababu moja ya kwenda nje ninayoiheshimu sana, na wazazi wengi huwa hawaiulizi. Kukubaliwa na chuo si lazima iwe kukubaliwa na fani. Vyuo vingi vikubwa vya umma humpokea mtoto kama "anayejiandaa" kwa uuguzi au kompyuta, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili anashindania viti vichache. Kama chuo cha nje kinampa nafasi ya uuguzi tangu siku ya kwanza na cha nyumbani hakimpi, hapo kuna kitu cha kulipia. Uliza kwa maandishi: wangapi huomba kuingia kwenye fani kila mwaka, na wangapi hupata?

"Ana shangazi yake Maryland. Atumie anwani yake, mwaka mmoja tu atakuwa mkazi."

Nimelisikia hili kwa sauti ya matumaini mara nyingi mno. Kwetu shangazi ni mzazi, na mtoto kulelewa na mjomba au baba mdogo hakuhitaji karatasi. Ofisi ya usajili haihesabu hivyo. Karibu kila jimbo humwona kijana anayetegemea wazazi kuwa mkazi wa pale wanapoishi wazazi wake, au mlezi aliyewekwa na mahakama. Barua ya shangazi iliyopigwa muhuri wa mthibitishaji haimfanyi kuwa mlezi wa kisheria.

Ule mwaka mmoja upo kweli. Majimbo mengi yanataka miezi 12 ya kuishi hapo kabla ya muhula kuanza, lakini yanataka pia nia: kwamba umehamia ili uishi, hukuja kwa ajili ya masomo. Mwanafunzi aliyefika Agosti akiwa na masanduku ya bweni, anayelipiwa na baba aliyeko Texas, ambaye bado amewekwa kwenye fomu ya kodi ya baba huyo, akiomba ukazi mwaka unaofuata atakataliwa. California inamtaka mwanafunzi wa chini ya miaka 24 ambaye wazazi wake si wakazi aonyeshe kwamba anajitegemea kifedha kweli. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline mwaka 1973, ilikataza jimbo kumhesabu mtu kuwa wa nje moja kwa moja bila kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba amehamia. Mlango uko wazi kidogo, basi, ila mzigo wa kuthibitisha ni wa mwanafunzi: leseni ya udereva, kura, kodi ya mapato aliyolipa hapo, mkataba wa nyumba, na kazi inayomlisha.

Anayedanganya anwani anajiweka pabaya. Chuo kikigundua kinaweza kudai tofauti ya ada ya mihula yote iliyopita na kumfikisha mtoto mbele ya kamati ya nidhamu. Kwa familia ambayo bado ina maombi ya uhamiaji, taarifa ya uongo kwenye fomu ya taasisi ya serikali si kitu cha kuchezea.

Zipo njia halali, na ndizo za kuzitafuta. California, aliyesoma sekondari ya huko kwa miaka mitatu na kumaliza huweza kusamehewa ada ya nje kwa sheria ya AB 540 ya mwaka 2001, hata kama alikuwa akiishi kwa mjomba. Familia ya askari aliye kazini inalipa ada ya mkazi katika jimbo alikopangiwa, kwa sheria ya shirikisho, na hili linawahusu vijana wetu wengi waliojiunga na jeshi la Marekani. Anayekuja moja kwa moja kutoka Nairobi au Dar kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ajipange kulipa bei ya nje hadi mwisho, kwa sababu viza hiyo yenyewe inasema atarudi kwao.

"Nje ni bei ya nje, hakuna njia."

Zipo njia, ila haziji zenyewe. Minnesota ina makubaliano na Wisconsin na Dakota zote mbili, na mwanafunzi lazima ajaze fomu ya kuomba punguzo. Majimbo ya Magharibi yana Western Undergraduate Exchange, ambapo chuo kinachoshiriki humtoza mtoto wa jimbo jingine la mpango si zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Kusini kuna Academic Common Market, kwa kozi ambazo jimbo lako halina. Si kila chuo kimo, wala kila kozi. University of Alabama, ambako zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wametoka nje ya jimbo, imejijenga kwa kugawa ufadhili wa alama, yaani unaotolewa kwa matokeo mazuri ya masomo. Soma masharti yake: GPA (wastani wa alama) ya kuulinda, na kama ni kiasi maalumu cha dola ambacho hakipandi ada inapopanda.

Ukihesabu punguzo la huko, hesabu pia unachokiacha. Ufadhili wa HOPE wa Georgia, unaotokana na fedha za bahati nasibu tangu 1993, hulipia vyuo vya Georgia tu. North Star Promise ya Minnesota, iliyoanza mwaka 2024, inafuta ada iliyobaki katika vyuo vya umma vya huko kwa familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000. Mtoto akivuka mpaka, fedha hizo hazimfuati.

"Barua imesema msaada umefika kila senti."

Barua nyingi za msaada wa masomo kutoka vyuoni zimepangwa hivyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Gharama ya mwaka ni dola 58,000. Chini yake: ufadhili wa alama 14,000, ruzuku ya serikali ya Pell 3,000, mkopo wa mwanafunzi 5,500, kazi ya chuoni 2,500, mkopo wa serikali kwa mzazi (Parent PLUS) 33,000. Salio: sifuri. Mzazi anashukuru Mungu na kupiga picha barua.

Zawadi hapo ni 17,000 tu. Kazi ya chuoni hulipwa kadiri mtoto anavyofanya saa zake, kwa hiyo haitakuwepo bili ya Agosti ikifika. Parent PLUS ni deni la mzazi, kwa jina la mzazi, na serikali haina utaratibu wa kumhamishia mtoto. Riba yake kwa mwaka 2025-26 ni asilimia 8.94. Mtoto mwenyewe, kwa shahada nzima, serikali haimkopeshi zaidi ya dola 31,000 akiwa bado anawategemea wazazi. Mzazi katika mfano huu angekopa zaidi ya hizo kwa mwaka wa kwanza peke yake.

Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 hali inabana zaidi. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaweka kikomo cha Parent PLUS kwa wakopaji wapya: dola 20,000 kwa mwaka, na dola 65,000 kwa kila mtoto hadi amalize. Katika mfano wetu, dola 13,000 zinabaki wazi tangu mwaka wa kwanza. Ukikopa 20,000 miaka mitatu, mwaka wa nne umebakiwa na 5,000. Wanaosema "tuanze tu, Mungu atafungua njia" waiangalie hesabu hiyo ya mwaka wa nne.

Kwa kila chuo, toa ruzuku na ufadhili peke yake kwenye gharama yote, zidisha kilichobaki kwa nne, ongeza nauli za likizo na bima ya afya, kisha weka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Kama pengo ni dogo na fani ni bora kule, nenda. Kama ni kubwa, iandikie ofisi ya msaada wa masomo kabla ya tarehe 1 Mei. Eleza kilichobadilika nyumbani, kama kazi iliyopotea au ugonjwa, na uambatanishe nakala ya ofa ya chuo kingine. Wengine huongezewa.

"Akishindwa atahamia nyumbani mwaka wa pili."

Anaweza. Lakini ufadhili mwingi wa alama hutolewa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na anayehamia hukuta uliobaki ni mdogo. Krediti nazo zinaweza kukubaliwa na chuo lakini zisihesabiwe kwenye fani, na hapo ndipo miaka minne inapokuwa mitano. Kama mpango wenyewe ni kuhamia, kuanzia chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) cha jimbo lako ni nafuu zaidi, na majimbo mengi yana orodha rasmi ya masomo yanayohamishika. Iombe orodha hiyo kabla mtoto hajasajili somo la kwanza.