Je, wajua kwa nini taa ya oili huwaka hata oili ikiwa imejaa?

Taa nyekundu yenye picha ya kibirika inawaka kwenye dashibodi. Dereva anasimama, anafungua boneti, anachomoa kijiti cha kupimia na kukuta oili iko kati ya alama mbili, safi kabisa. Anakirudisha, anafunga boneti na kuendelea na safari. "Ni sensa tu hiyo." Huenda ikawa kweli ni sensa. Lakini injini nyingi zimenoki baada ya maneno hayo hayo, kwa sababu kijiti na taa havipimi kitu kimoja. Kijiti kinaonyesha kiasi cha oili iliyotulia kwenye sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Taa nyekundu inahusu presha, yaani nguvu ambayo pampu inatumia kuisukuma oili hiyo ipande kwenye njia zake. Sampo inaweza kujaa huku juu hakufiki kitu.

Chombo kinachowasha taa hiyo ni kidogo. Kwenye gari nyingi za Kijapani zinazotembea barabarani kwetu ni swichi yenye waya mmoja, imefungwa ubavuni mwa bloku ya injini, mara nyingi karibu na filta ya oili. Ndani yake mna kiwambo chembamba na springi. Pasipo presha, springi inagusanisha vyuma viwili, umeme unapita hadi kwenye bodi na taa inawaka. Oili ikianza kusukuma, kiwambo kinainuka, vyuma vinaachana na taa inazimika. Kwa hiyo ukifungulia swichi ya gari kabla ya kupiga stata, taa hiyo ni lazima iwake, kisha izimike sekunde chache baada ya injini kuunguruma. Unaponunua gari lililotumika, angalia hilo kabla ya kusikiliza sifa za redio na rimu. Taa isiyowaka kabisa ina maana globu imeungua, waya umekatika, au kuna mtu aliyeichomoa makusudi ili mnunuzi asiione.

Sasa zitazame namba. Swichi nyingi za aina hii huachia kwenye psi (kipimo cha presha) 3 hadi 7 hivi. Injini nzima iliyopata moto, ikikanyagwa hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, huwa na psi 30, 50, hata zaidi. Maana yake taa haikuambii kwamba presha imeanza kupungua. Inawaka presha ikiwa imekaribia kuisha. Hii ndiyo sababu nasisitiza kwamba taa nyekundu ichukuliwe kuwa inasema kweli mpaka ipimwe: sogea pembeni, zima injini, na usiiwashe tena kwa ajili ya kujaribu kama itazimika yenyewe.

Uharaka huo unatokana na namna chuma kinavyozunguka juu ya chuma. Kati ya krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, na beringi zake kuna upenyo wa sehemu chache za mia za milimita, mwembamba kuliko unywele, na ndani yake hukaa utando wa oili. Mwaka 1883 mhandisi wa Uingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akifanyia majaribio beringi ya mhimili unaozunguka. Alitoboa tundu juu yake ili amiminie oili, lakini mhimili ulipozunguka, oili ikapanda na kumwagika nje kupitia tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akafunga geji yenye mwisho wa psi 200, mshale ukafika mwisho. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichotokea: mhimili unapozunguka huivuta oili na kuibana kwenye upenyo mwembamba, na oili iliyobanwa hivyo ndiyo inayoubeba mhimili usiguse chuma. Pampu ya gari lako kazi yake ni kuhakikisha oili haikosekani kwenye upenyo huo. Ikikosekana, chuma kinasaga chuma, na beringi laini za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkishafti, ndizo zinazotangulia kuharibika.

Turudi kwenye swali. Ni nini kinachoua presha wakati oili ipo? Kisa kinachojulikana zaidi ni cha taa inayopepesa gari likiwa foleni, injini imepata moto na iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha inazimika ukikanyaga mafuta kidogo. Pampu inazungushwa na injini, hivyo mizunguko ikishuka, msukumo nao unashuka. Oili ya moto ni nyepesi, inavuja kirahisi kupitia kila upenyo. Beringi zikiwa zimelika, pampu hujaza huku oili ikitorokea kule, na kwenye sailensa inashindwa. Dalili hii ikianza kidogo kidogo na kuongezeka mwezi hadi mwezi, mara nyingi ni uchakavu wa kweli. Inaweza pia kuwa oili nyepesi kuliko ile injini inayotaka, au petroli iliyopenya na kuizimua. Nusa kijiti. Harufu ya petroli haifichiki.

Taa inayowaka kwenye kona, ukifunga breki, au ukipanda mlima mrefu kama Kitonga kule Iringa, huwa na hadithi tofauti: oili imepungua, inakimbilia upande mmoja wa sampo, na bomba la pampu linavuta hewa. Na taa iliyowaka ghafla baada ya gari kutoka gereji inataka uangalie kilichoguswa huko. Filta isiyo yake. Au silikoni iliyopakwa nyingi wakati wa kufunga sampo, ikakatika vipande na kwenda kuziba wavu wa bomba la pampu. Fundi anayefungua sampo na kukuta wavu umejaa masizi mazito kama lami na vipande vya silikoni hahitaji kompyuta kujua ugonjwa.

Haya, sensa nayo hufa kweli, tena mara nyingi. Kiwambo kikitoboka, oili hupita katikati ya swichi. Ukichomoa plagi yake unaikuta imelowa oili kwa ndani, na wakati mwingine oili imepanda ndani ya waya na kujitokeza mbali na swichi. Kwa swichi ya waya mmoja kuna jaribio rahisi: injini ikiwa imezimwa na swichi ya gari imefunguliwa, chomoa waya. Taa ikizimika, waya ni mzima, na tatizo ni swichi au presha yenyewe. Ikibaki inawaka, waya umechubuka na kugusa bodi mahali fulani, na hapo kubadilisha swichi ni kupoteza pesa. Jaribio hili linapima waya. Halisemi lolote kuhusu presha.

Tena si kila gari linafuata mtindo huo. Baadhi ya injini za Volkswagen zina swichi mbili, moja ya presha ndogo na nyingine ya presha kubwa inayoangaliwa mizunguko ikipita 2,000 hivi. Kuchomoa waya wa hiyo ya pili huleta kelele ya onyo badala ya kuiondoa. Magari mengi mapya yana sensa ya waya tatu inayolishwa volti 5 na kuipa kompyuta ya injini kipimo halisi. Hapo mashine ya kusomea namba za hitilafu inasaidia: P0520 inahusu saketi ya sensa, P0522 volti za chini mno, P0523 volti za juu mno, na P0524 inasema presha yenyewe imeshuka. Taa ya njano ni jambo lingine. Kwa kawaida inahusu kiasi cha oili, sensa ya kiasi hicho, au muda wa kumwaga oili umefika.

Jibu la uhakika hutoka kwenye geji ya mkono. Swichi inafunguliwa, geji inafungwa kwenye tundu lilelile, injini inapata moto na mshale unasomwa, kwanza sailensa, kisha kwenye mizunguko 3,000. Linganisha na kitabu cha injini yako. Presha ikiwa nzuri, nunua swichi mpya kwa moyo mweupe. Ikiwa chini, fungua sampo, anza na wavu na pampu kabla ya kugusa beringi. Mwambie fundi akuonyeshe mshale kwa macho yako, maana kipimo hicho huchukua muda mfupi kuliko kubishana.

Kuna njia ya mkato ambayo madereva hupeana: mwaga oili uliyoandikiwa, weka nzito zaidi, taa itazimika. Itazimika kweli, kwa kuwa oili nzito haivuji haraka, lakini upenyo uliolika uko palepale na unaendelea kupanuka. Asubuhi injini ikiwa baridi, oili hiyo huchelewa kufika juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Na kwenye injini kama za Toyota zenye VVT-i, ambazo hutumia presha ya oili hiyo hiyo kusogeza kamshafti, uzito usio wake unaweza kukuwashia taa ya pili, ile ya injini, ukabaki na matatizo mawili badala ya moja.