Uchovu wa kazi na uwezeshwaji wa kisaikolojia: maana yake

Aliyelima kutwa akilala huamka na nguvu zake. Uchovu wa kazi ni kitu kingine. Mtu anarudi kutoka likizo ya siku 28, na kabla hajafika getini roho imeshamsinyaa.

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974, baada ya kuwatazama wahudumu wa kliniki ya bure jijini New York, naye mwenyewe akiwamo. Mwaka 1981 watafiti Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo chake, na kinaangalia mambo matatu: kukaukiwa hisia, kuwatendea watu kama vitu, na kujiona hufanyi lolote la maana. Shirika la Afya Duniani liliuweka mwaka 2019 katika orodha yake ya magonjwa, likibainisha kwamba wenyewe si ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa.

Hilo la pili katika kipimo, kuwatendea watu kama vitu, ndilo watu hulisoma vibaya. Muuguzi anayesema "yule wa kitanda cha sita" na kugeuka bila kumtazama mgonjwa huitwa ana roho mbaya. Mara nyingi ni mtu anayejikinga, maana kila mgonjwa aliyemhurumia mwezi mzima alimwondolea kitu, na hakuna kilichorudishwa.

Uwezeshwaji wa kisaikolojia ni hisia ya mfanyakazi kwamba kazi yake imo mikononi mwake. Mtafiti Gretchen Spreitzer, mwaka 1995, aliupima kwa mambo manne: kazi ina maana kwangu, ninaiweza, nina uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na ninachofanya kinabadilisha kitu hapa. Kwa kuwa ni hisia iliyo ndani ya mtu, barua ya mkurugenzi haiwezi kuitoa. Semina ya hotelini nayo, kwa maoni yangu, haifiki mbali.

Muuguzi wetu huenda anayo maana ya kazi, na ujuzi anao. Anachokosa ni uhuru. Ratiba ya zamu anaikuta imebandikwa ukutani. Anaona glavu zinakaribia kwisha, anaandika taarifa, hajibiwi. Zikiisha, anayefokewa na ndugu wa mgonjwa ni yeye. Mtafiti Robert Karasek alishaonyesha mwaka 1979 kwamba kazi nyingi pamoja na mamlaka kidogo ndio mchanganyiko unaochosha akili zaidi. Kwa hiyo wanaojiona wamewezeshwa kwa kawaida huripoti uchovu mdogo, ingawa huenda pia uchovu wenyewe ndio unaomfanya mtu ajione hana uwezo.

Wapo mabosi wanaoita uwezeshwaji hata kule kugawa mzigo tu: "Kuanzia leo wewe ni msimamizi wa zamu." Funguo za stoo hapewi, wala ruhusa ya kumwita mtu wa ziada wodi ikifurika. Ukitaka kujua kama mtu amewezeshwa kweli, muulize jana aliamua nini bila kuomba kibali.