Kilema, ugonjwa au umbile lake? Dhana potofu kuhusu miili ya nyoka wa kufugwa

Nyoka hana mguu wa kuchechemea wala sauti ya kulalamikia maumivu, na uso wake haukunjiki. Mfugaji hubaki na macho na vidole vyake. Macho yasiyozoea huona kilema pasipo na kilema, kisha yakapita juu ya ugonjwa ulio wazi. Ndiyo maana kabla ya kuuliza "hiki ni nini?" inafaa kuuliza "kimeanza lini?" Pindo la mgongo ambalo nyoka alitoka nalo ndani ya yai lina maelezo yake. Pindo hilohilo likitokea akiwa na miaka minne, lina maelezo mengine kabisa.

Dhana: Mgongo uliopinda ni dalili ya upungufu wa kalsiamu

Dhana hii imehamia kwa nyoka kutoka kwa mijusi na kobe, ambao kweli hulainika mifupa wakilishwa vibaya. Nyoka anayemeza panya mzima amemeza na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu anayo. Kumnyunyizia panya unga wa kalsiamu hakunyooshi kitu.

Pindo la kuzaliwa mara nyingi hutokana na joto la kutotolea mayai likizidi au likipanda na kushuka ovyo. Mayai ya Python regius, chatu mdogo anayependwa sana na wafugaji, hutotolewa katika nyuzi za selisiasi 31 hadi 32. Joto likipita hapo, uti wa mgongo wa kiinitete unaweza kujijenga vibaya. Sababu nyingine ni urithi: koo fulani za rangi, yaani nyoka waliozalishwa ili wawe na rangi maalumu, mfano ukoo uitwao Caramel Albino, zinajulikana kwa kutoa watoto wenye pindo. Nyoka mwenye pindo moja dogo, anayemeza vizuri na kupata choo, anaweza kuishi miaka yake yote. Mpe mawindo membamba kidogo kuliko wenzake na usimzalishe. Kwa jike kuna hatari ya ziada, kwamba pindo lililo theluthi ya nyuma ya mwili linaweza kukwamisha mayai.

Pindo la ukubwani ndilo la kutia hofu. Huweza kuwa mfupa uliovunjika, au bakteria, Salmonella wakiwamo, waliofika kwenye pingili kupitia damu. Mfupa huota ovyo, pingili hushikana, na kipande hicho cha mwili hukakamaa kama fimbo. Kupima ni rahisi: mwache nyoka atambae kati ya kidole gumba na vidole vingine, taratibu, kutoka shingoni hadi mkiani. Nyoka akiwa amejikunja, mgongo wowote huonekana umepinda. Pindo la kweli halinyooki hata anapotambaa. Daktari atahitaji picha ya eksirei, na pengine kuotesha bakteria kutoka kwenye damu.

Dhana: Kuyumbisha kichwa ni madoido ya ukoo tu

Wauzaji wa ukoo wa rangi uitwao Spider, katika Python regius, wamerudia kauli hii kwa miaka mingi. Mwaka 2022 watafiti waliowapiga picha nyoka hao kwa mashine ya CT, inayopiga eksirei tabaka kwa tabaka, walionyesha kwamba sikio lao la ndani, kiungo cha kumweka mnyama sawa, limeumbika vibaya. Jeni ya rangi huja pamoja na kilema hicho. Ukali wake hutofautiana: mmoja hutikisika kidogo wakati wa kula, mwingine hujiviringisha kichwa chini juu na kukosa shabaha ya chakula. Kufunza au kulisha vizuri hakurekebishi. Kinachosaidia ni kupunguza mshtuko na kumlisha kwa koleo, kwa utulivu. Kuendelea kuwazalisha ukijua haya ni uamuzi usioteteeka.

Sasa rudi kwenye swali la lini. Nyoka ambaye hakuwa akiyumba, na leo anaangalia juu kana kwamba anahesabu nyota, ana tatizo jipya. Inaweza kuwa joto lililopita kiasi, sumu ya kuulia utitiri iliyopulizwa kwa wingi, maambukizi ya ubongo, au ugonjwa wa virusi vya reptarena ambao huwapata chatu na boa (nyoka wanaofanana na chatu) na hauna tiba. Mlaze chali kwa upole. Mzima hujigeuza mara moja. Akichelewa au akishindwa, mtenge na wenzake na umpeleke kwa daktari.

Dhana: Macho yakiwa meupe amepofuka, na gamba la jicho likibaki linabanduliwa

Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, nalo hutoka pamoja na ngozi anapojivua gamba. Siku kadhaa kabla, macho yote mawili hugeuka maziwa yenye ubuluu na ngozi hufifia. Kisha macho hung'aa tena, na siku chache baadaye ngozi hutoka, kwa kawaida kipande kizima kama soksi iliyogeuzwa. Jicho moja tu likiwa jeupe, hiyo si ngozi ya kujivua.

Chukua ngozi iliyotoka uikague upande wa kichwa: pawe na vifuniko viwili vya mviringo vya macho. Kikikosekana kimoja, kimebaki usoni. Usitumie koleo, kucha wala utepe wa gundi. Ukivuta kwa nguvu unaweza kuondoa gamba hai lililo chini, na jicho likakauka na kuharibika. Muwekee kisanduku chenye kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, ongeza unyevu kizimbani, na subiri ajivue tena. Angalia na ncha ya mkia: pete za ngozi kuukuu zikirundikana hapo hukaza mishipa ya damu, na ncha hukauka ikadondoka. Jicho lililovimba kama puto ni jambo la daktari. Mara nyingi njia ya machozi imeziba, na chanzo kinaweza kuwa maambukizi ya mdomoni.

Dhana: Kucha, mashimo na kovu la tumboni ni vilema

Chatu na boa wana kucha mbili ndogo pembeni mwa tundu la haja. Ni mabaki ya miguu ya nyuma, na dume huwa nazo kubwa zaidi. Mashimo yaliyopangana mdomoni mwa chatu ni viungo vya kuhisi joto. Mstari mdogo tumboni mwa mtoto ni kitovu, nao hufifia. Usipake dawa.

Dhana: Uvimbe ni jipu, likamue

Usaha wa nyoka hautiririki. Ni mgumu kama jibini iliyokauka, kwa hiyo kukamua kunaumiza bila kutoa kitu. Jipu hutolewa kwa upasuaji, pamoja na ganda lake.

Kabla ya kuliita jipu, angalia uvimbe uko wapi. Gawa mwili theluthi tatu kutoka puani hadi tundu la haja. Ya kwanza ina koo la chakula, koo la hewa na moyo, ya kati ina mapafu, ini na tumbo la chakula, ya mwisho ina utumbo, figo na viungo vya uzazi. Uvimbe wa mlo husogea na kufifia ndani ya siku chache. Uvimbe wa katikati usiosogea, pamoja na kutapika mawindo, humfanya daktari afikirie Cryptosporidium, kimelea kinachonenepesha ukuta wa tumbo. Huyo mtenge siku hiyohiyo na usishirikishe bakuli wala koleo, kwa sababu dawa za kawaida za usafi, klorini ikiwamo, hazikiui. Nyuma ya mwili kunaweza kuwa mayai, choo kilichokwama au uvimbe wa figo.

Dhana: Nyama nyekundu kwenye tundu la haja itarudi yenyewe

Dume lina viungo viwili vya uzazi, na kuvitoa kwa muda mfupi wakati wa haja ni kawaida. Vikibaki nje, au ukiona nyama iliyovimba na kukauka, hesabu saa, si siku. Ondoa matandiko, mlaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu, funika nyama hiyo kwa sukari iliyokorogwa na maji kidogo ili ipunguze uvimbe, na muone daktari siku hiyo. Usisukume kwa kidole.

Unapomwona daktari, msafirishe nyoka ndani ya foronya iliyofungwa na kuwekwa kwenye kasha. Chukua choo kibichi kama kipo, vipimo vya joto vya pande zote mbili za kizimba, tarehe ya mlo wa mwisho, na picha za zamani za sehemu ileile ya mwili.