Eti MRI inasoma ya moyoni? Hebu tuelewane

Juzi nimekaa Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe hapa Unguja, na kikombe changu, mzee mmoja pale barazani kafungulia klipu ya WhatsApp sauti mpaka mwisho, jamaa anasema kuna mashine sasa ukitiwa kichwa ndani wanaona unachokifikiria kama wanaangalia TV. Baraza zima likalipuka, mmoja akasema iletwe haraka apimwe anaemdai. Mie nlicheka lakini mwenzenu hilo jambo liko ndani mwetu, mana shangazi yangu wa Wete kichwa kinamsumbua miezi, daktari kamuandikia MRI, kipimo cha kupigwa picha ndani ya kichwa kwa mashine ya sumaku, akagoma kabisa, "siendi, mambo yangu hayawahusu". Nimekaa nae nimemuelezea siku mbili, sasa nnaandika hapa nisije nikaanza upya kwa kila mtu.

Kwanza shangazi na yule mzee wanazungumzia vitu viwili. MRI anayoandikiwa mgonjwa wa kichwa ni picha ya umbo: nyama, mishipa, kama kuna uvimbe, kama kuna pahala pamevujia damu. Haioni wazo hata moja, ukiwa ndani unafikiria deni au unafikiria pweza wa nazi picha inatoka ile ile. Ile ya kwenye klipu ni fMRI, mashine inaweza kuwa hio hio ila inatumika vyengine, wanapiga picha nyingi mfululizo huku mtu anafanyishwa kitu, aangalie sura za watu, asikilize hadithi, ahesabu.

Na hio nayo haioni mawazo. Inaona damu. Seli za ubongo zikifanya kazi pahala fulani, damu yenye oksijeni inamiminwa pale, tena nyingi kuliko inayohitajika, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na ile iliyoishiwa hazifanani mbele ya sumaku, mashine inapata tofauti kidogo. Alielezea haya Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, mwaka 1990, na 1992 ndio zikatoka tafiti za mwanzo kwa binaadamu. Tofauti yenyewe ndogo mno, asilimia chache tu, ukitikisa kichwa kidogo umeshawaharibia. Alafu damu inachelewa, inafika kileleni kama sekunde 5 hivi baada ya jambo kutokea, wakati seli zinapelekeana habari kwa vipande vya sekunde visivyohesabika kwa mdomo. Na kila kidoto unachokiona kwenye ile picha ndani yake mna malaki ya seli, pengine milioni na zaidi, zote zimetiwa kapu moja.

Aliepanda boti ya usiku kutoka Pemba atanielewa. Unaikaribia Unguja unaona taa, huku zimewaka nyingi, kule kiza. Unajua huu mtaa watu wako macho. Lakini ni harusi au ni msiba? Au mtu kasahau tu kuzima? Kutoka baharini hujui, na ukisema unajua unatuongopea. Sasa watafiti wengi wa ubongo wameteleza hapo hapo, wanaona sehemu imewaka wanasema "aa, huyu anaogopa".

Mfano khasa ni amigdala, kijisehemu kidogo mfano wa lozi, kiko kila upande wa ubongo. Watu wanasema ndio nyumba ya hofu. Ni kweli inahusika sana na hofu, lakini inaamka pia ukiona kitu kipya, ukiona kitu kizuri, ukiona chakula nawe una njaa. Na upande wa pili, kuna mama mmoja anajulikana kwenye tafiti kwa herufi S.M. tu, amigdala zake zote mbili zimeharibika, nyoka na buibui hazimshtui. Mwaka 2013 ikatoka habari kuwa yeye na wenzake wawili wenye hali kama yake walivutishwa hewa yenye kabonidioksaidi nyingi, wakashikwa na kiwewe cha kweli kweli! Hofu ikaja na hio nyumba yake haipo. Kwahiyo ukiambiwa "sehemu ya mapenzi" au "sehemu ya uchoyo" imeonekana kwenye skani, we kunywa chai yako.

Haya, lakini si walishasoma mawazo kweli? Ndio, kwa kiasi chake, na hapa ndio pazuri. 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walitoa programu inayochukua fMRI ya mtu anaesikiliza hadithi na kutoa maneno yenye maana ya karibu na alichokisikia, si neno kwa neno. Ila kila mtu alilala ndani ya mashine kama saa 16 kwanza anasikilizishwa hadithi, kompyuta imzoee. Ukiitumia kwa mtu mwengine ambae haikumzoea haifai kitu. Na mwenyewe akiamua kukataa, akahesabu kimoyomoyo au akajipigia hadithi yake nyengine, inapotea. Yaani anaeibiwa mawazo inabidi amsaidie mwizi.

Kugundua waongo ni hivyo hivyo. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho kule Tennessee, Marekani, iliukataa ushahidi wa fMRI uliokusudiwa kuonyesha mshtakiwa anasema kweli. Na utafiti wa 2011 ulionyesha watu wakifundishwa tu kuvitikisa kidogo vidole vya mkono na mguu kwa siri, usahihi wa kuwakamata ukashuka kutoka asilimia 100 hadi 33. Vidole tu!

Ila nisiwe mtu wa kubeza kila kitu. 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake Uingereza walimtia kwenye fMRI msichana wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari, miezi mitano hajibu chochote, madaktari wanamuhisabu hana fahamu. Wakamwambia afikirie anacheza tenisi, alafu afikirie anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwao. Ubongo wake ukafanya kama wa mtu mzima wa afya, tenisi pahala pake, vyumba pahala pake. Alikuwa anasikia. Mie hii kila nikiikumbuka nywele zinansimama.

Zile rangi nyekundu na manjano sasa. Ndani ya kichwa hakuwaki kitu. Ni takwimu zilizopakwa rangi: wanalinganisha damu mtu akifanya jambo hili na akifanya lile, penye tofauti iliyovuka mpaka walioweka wao wanapaka. Na sehemu isiyopakwa haikulala, kwahiyo ile "tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo" nayo itupeni, ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wako na unakula karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili, nani analisha asiefanya kazi?

Hesabu zikifanywa ovyo unaona majini. 2009 mtafiti Craig Bennett na wenzake walimtia samaki kwenye mashine, salmoni aliekwisha kufa, wakamuonyesha picha za watu wakamuuliza hawa wanahisi nini. Na hesabu zisizosahihishwa zikaonyesha ubongo wa samaki unafanya kazi! Ukipima vidoto maelfu kwa maelfu vyengine vitawaka kwa bahati tu, ndio somo lake, na 2012 wakapewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel. Wavuvi wetu wa Malindi wangewaambia bure kuwa samaki aliekufa hana maoni. Na si mzaha peke yake, 2020 timu 70 za watafiti zilipewa data ile ile moja ya fMRI wajibu maswali 9, hakuna hata mbili zilizopita njia moja, na kwa baadhi ya maswali majibu yakatofautiana khasa.

Mionzi? MRI haina, hio ni CT na eksirei. Ni sumaku, zaidi ya mara 20,000 ya sumaku ya dunia, na makelele kama wanatoboa ukuta. Hatari yake iko kwenye chuma, kwahiyo mwenye betri ya moyo au kipande cha chuma mwilini aseme mapema.

Shangazi mwisho kakubali. Pale mlangoni wakamwambia avue bangili na pini za mtandio, akatoa nne akasema basi. Yule binti wa mashine akamuangalia tu. Akatoa nyengine tatu.