Pannalal Patel: dhana potofu na ukweli kuhusu mwandishi wa wakulima wa Kigujarati

Sisi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja tumekulia karibu na Kigujarati. Tumekisikia nyuma ya kaunta, kwenye hesabu za madeni na bei za vitambaa. Ndiyo maana wengi wetu, tukiambiwa kuna riwaya kubwa za Kigujarati, tunajua moja kwa moja zitamhusu nani: tajiri na duka lake. Mimi naona hii ni hasara kwetu, kwa sababu mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha hiyo, Pannalal Patel, aliandika habari za watu tunaowajua vizuri kabisa. Ni watu wa jembe, wanaotazama mawingu.

"Wagujarati ni wafanyabiashara, na fasihi yao ni ya wafanyabiashara."

Waliovuka bahari na jahazi kuja kwetu wengi walikuwa watu wa biashara, basi hao ndio tuliowaona. Waliobaki kwao wengi walikuwa wakulima. Pannalal alizaliwa tarehe 7 Mei 1912 katika familia ya wakulima, na wahusika wake wanalima mahindi, wanafuga ng'ombe na kukopa nafaka mambo yanapoharibika. Mwenye duka na mkopeshaji wamo pia, lakini tunawaona kwa macho ya mtu aliyekuja kukopa.

"Ni mzaliwa wa Gujarat."

La. Kijiji chake, Mandli, kilikuwa katika dola ya Dungarpur, na leo kiko jimbo la Rajasthan. Jimbo lenyewe la Gujarat liliundwa tarehe 1 Mei 1960, Pannalal akiwa na miaka 47. Lugha ilivuka mpaka ambao ulikuwa bado haujachorwa.

"Hakusoma. Ilikuwa kipaji tu cha kuzaliwa nacho."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu husemwa kama sifa. Kweli, aliacha shule mapema kwa umaskini na hakukanyaga chuo. Lakini alisoma shule ya mji wa Idar, na darasani mwake alikuwamo kijana aitwaye Umashankar Joshi, ambaye baadaye alikuwa mshairi mkubwa. Maisha yakawatenganisha. Pannalal akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha pombe Dungarpur, kisha Ahmedabad akawa mtu wa kampuni ya umeme, anayezunguka kusoma mita. Hapo Ahmedabad, mwaka 1936, wakaonana tena, na Joshi akamsukuma aandike. Mwaka huohuo ikatoka hadithi yake fupi ya kwanza. Mwaka 1940 ikatoka riwaya ya *Valamana*, mwaka uliofuata *Malela Jiv*, na mwaka 1947 *Manvini Bhavai*.

Tazama hiyo miaka vizuri. Mtu anayeandika riwaya mbili katika miaka miwili, baada ya kupambana na vibarua mijini, hakuketi akisubiri kipaji kimshukie. Alifanya kazi. Tukisema "kipaji tu" tunamnyang'anya jasho lake, na tunamwambia kijana aliyekatishwa shule leo kwamba asijaribu mpaka apate ishara. Wanafunzi wale wawili wa Idar, kila mmoja kwa wakati wake, walipata tuzo ya Jnanpith, ambayo ni ya heshima ya juu kabisa kwa waandishi wa India: Joshi mwaka 1967, Pannalal mwaka 1985.

"*Manvini Bhavai* ni kumbukumbu ya njaa aliyoiona mwenyewe."

Riwaya hiyo inafika kilele katika njaa kuu ya 1899 na 1900. Wagujarati huiita Chhappaniyo, yaani ya hamsini na sita, kwa sababu katika kalenda yao ya Vikram ulikuwa mwaka 1956. Pannalal alizaliwa miaka kumi na mbili baadaye. Alichokuwa nacho ni masimulizi ya wazee waliobaki hai. Nasi tunajua njaa hupewa jina ili isisahauliwe: miaka ileile ya mwisho wa karne, Ukambani nako kulikuwa na njaa kuu, na Wakamba waliiita Ngomanisye.

Mtu asiyeiona njaa angeweza kuiandika kwa hesabu ya maiti. Pannalal anatuonyesha Kalu, mkulima aliyechumbiwa msichana Raju wakiwa watoto, kisha maneno ya ndugu yakawatenganisha, kila mmoja akaoa na kuolewa kwingine. Njaa inapokaza, mjini kunagawiwa nafaka ya sadaka. Kalu, aliyelisha watu maisha yake yote, anashindwa kunyoosha mkono. Anasema kuomba ni kubaya kuliko njaa yenyewe. Nani kati yetu hajui mzee wa namna hiyo, anayesema ameshiba na sufuria haijapanda jikoni?

Na mwisho wake, Kalu yuko chini hana nguvu, anakata roho. Raju hana maji wala punje. Anampa titi lake anyonye kama mtoto. Na mvua inaanza kudondoka. Wapo walioona haya kusoma ukurasa huo. Mimi naona hakuna aibu hapo hata chembe. Huyo ni mwanamke aliyebaki na mwili wake tu, naye akautoa.

"Hakuandika zaidi ya vijiji."

Riwaya zake zinapita sitini, na mikusanyo ya hadithi fupi zaidi ya ishirini. Katika miaka yake ya baadaye aligeukia masimulizi ya kale, hasa ya Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindi. Kisa cha Kalu na Raju nacho hakikuishia 1947, alikiendeleza katika *Bhangyana Bheru* na *Ghammar Valonu*.

"Sinema ndiyo iliyompa jina."

Ni kinyume. Jina lilitangulia. Aliwahi kukaa Mumbai akiandikia filamu, lakini mwaka 1947 alirudi Mandli kulima na kuandika. Kazi yake ya sinema inayokumbukwa zaidi ilitoka kwenye kitabu chake mwenyewe: aliandika mswada wa filamu ya *Malela Jiv* ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Manhar Raskapur. Ni kisa cha Kanji na Jivi, waliokutana kwenye gulio la sikukuu wakapendana, lakini ukoo wa mmoja haukuruhusiwa kuoana na wa mwenzake. Kanji anamwozesha Jivi kwa kinyozi wa kijijini kwake, ili walau awe anamwona. Mume anamshuku na kumpiga. Siku moja Jivi anakanda mkate wa kujiulia mwenyewe, anautia sumu, na mume ndiye anayeula.

Pannalal alifariki tarehe 6 Aprili 1989. *Manvini Bhavai* ikawa filamu mwaka 1993, mikononi mwa Upendra Trivedi, ikapata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kigujarati. Mwaka 1996 Kanji na Jivi wakaonekana tena kwenye sinema za kusini ya India, wakizungumza Kikannada, katika *Janumada Jodi*.